Safari ya boti Kigoma hadi Mahale: je, nirudie?

Swali: Nimerejea Kigoma baada ya siku tatu katika Ziwa Tanganyika, na moyo wangu umegawanyika. Machweo nyuma ya milima ya Kongo, na samaki aina ya migebuka waliochomwa papo hapo wakadondosha mafuta juu ya makaa, viliniridhisha kabisa. Lakini chumba changu kilikuwa juu ya injini, na maji ya kuoga yalikwisha siku ya pili. Je, nirudie?

Jibu: Pole, ndugu. Rudia Septemba, kwa kuwa upepo wa kusini huchafua ziwa kuanzia Mei hadi Agosti, na uombe chumba cha mbele.

Jibu: Kukosa maji juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470! Walikurudishia chochote?

Muulizaji: Waliniomba radhi tu, mzee wangu.