Menyu ya programu yangu ya kusimamia faili kwenye terminali (lile dirisha la kuandika amri) imejaa ~T~@~T~@ halafu naambiwa "badilisha fonti". Mnanichosha!

Wakuu, leo nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Kila mtu akilalamika programu ya terminali inatapika takataka kwenye skrini, anatokea mjuaji mbio mbio "badilisha fonti mkuu". Fonti gani sasa?? Fonti ikikosa herufi unaona kiboksi kitupu, basi, haikuletei mkorogo wa herufi tatu mahali pa moja!

Ebu angalieni. Mstari wa kuchorea fremu, huu hapa ─, kwenye UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti) ni baiti tatu, E2 94 80. Terminali ikidhani ni Windows-1252, mpangilio wa herufi wa Windows, unaona â”€, ikidhani ni CP437, ile ya PC za IBM za 1981, unaona ΓöÇ, na kwa sababu kimoja kimegeuka vitatu ukuta wa kulia unasukumwa huko mpaka fremu nzima inapinda. Yani takataka yenyewe inakwambia kosa liko wapi, we isome tu. Ukiona lqqqk hiyo ni nyingine kabisa, ni michoro ya tangu terminali ya VT100 ya 1978, programu imeomba seti ya mistari na terminali imepuuza ombi, weka NCURSES_NO_UTF8_ACS=1 kabla ya kuwasha programu ujaribu tena.

Sasa hii yangu ya ~T~@ ndo inanipandisha presha. Terminali yangu iko UTF-8, LANG (inayoambia programu lugha na herufi za kutumia, yaani locale) iko sawa, nikiandika amri ya locale kwenye seva hakuna hata onyo moja (maana wengine mnaingia kwenye seva kwa mbali kwa ssh na LANG ambayo seva haijawahi hata kutengenezewa, cheki locale -a kabla ya kulia). Kila kitu kiko sawa isipokuwa programu yenyewe! Ncurses, maktaba ya kuchorea menyu kwenye terminali, inapoona baiti 94 na 80 haizijui kama herufi inaziandika ~T na ~@, na inafanya hivyo kwa sababu aliyeandika kodi hakuita setlocale(LC_ALL, ""), ile ya kusoma LANG, kabla ya initscr() inayowasha ncurses, kwa hiyo hata uweke LANG ya dhahabu programu inabaki kwenye locale ya "C", ile ya mwanzo isiyojua UTF-8, na haisomi chochote ulichoweka. Mstari mmoja jamani. MMOJA.

Nikawaripotia wenye programu, nikaweka na picha, na baiti nikazitoa kwa hexdump (amri ya kuonyesha baiti za faili) kabisa, jibu likaja "kwangu inafanya kazi", ripoti ikafungwa. Kwako inafanya kazi kwa sababu menyu yako ni ya Kiingereza na fremu umechora kwa + na -, we unategemea nini kiharibike hapo?!

Pachi (marekebisho ya kodi) nimewatumia, wamekaa kimya. Kuna mwenye programu nyingine ya kusimamia faili kwenye terminali, inayoheshimu locale, na wenyewe wanajibu watu?