Msonobari wa marehemu baba unakauka ncha, nimeukata vibaya? Nipo Dodoma

Binti Mafinga

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa bonsai (miti inayolelewa ikiwa mifupi chunguni), hasa za msonobari (kwetu tunaita paini).

Mti huu marehemu baba aliung'oa mwaka 2015 pembeni ya barabara ya msituni, Sao Hill, ukiwa hauzidi kiganja. Akaupanda kwenye kopo la rangi, kila ukirefuka anaupunguza kwa mkasi wa kushonea wa mama. Neno bonsai hakuwahi kulisikia, alipenda tu mti wa porini ukae dirishani. Mwaka jana mama alipohamia kwangu hapa Nzuguni alikuja nao kwenye basi, kaupakata kutoka Iringa. Shina ni nene kama mpini wa jembe, urefu kama sentimeta 60.

Mwezi wa kumi niliangalia video nikashikwa na hamu. Nikautoa kwenye kopo, nikaosha mizizi kwa maji ya bomba mpaka udongo wote ukaisha, nikakata karibu nusu ya mizizi, nikaupanda kwenye chungu cheusi cha plastiki kwa udongo mwekundu na samadi. Siku hiyohiyo nikakata matawi mawili ya chini, nikabakiza vipande visivyo na jani hata moja, nikijua vitachipua kama mwarobaini. Sasa ni Januari, kimya. Majani ya ndani yamekuwa ya njano yanapukutika, na ncha za mengine zimekuwa kahawia. Namwagilia asubuhi na jioni. Kileleni kuna vichipukizi vimesimama wima, bado vya kijani.

Je, vile vipande vitachipua? Niubadilishie udongo tena? Na vile vya juu nivikate kama kwenye video? Mama hajanilaumu, ila kila asubuhi namwona anakwenda kuushika.

Kokoto za Ihumwa

Pole dada. Kwanza jua kama uko hai. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, kwenye shina na kwenye kila tawi. Chini yake kukiwa kijani na unyevu, tawi lipo. Kukiwa kahawia na kukavu, limekwenda.

Pili, shika hicho chungu saa nane mchana. Plastiki nyeusi kwa jua letu la Oktoba na Novemba inaipika mizizi. Mti wenyewe unataka jua, usiuingize ndani ya nyumba. Kinachohitaji kivuli ni chungu. Mimi changu nimekitumbukiza ndani ya chungu kikubwa cha udongo, katikati nimejaza mchanga, naulowesha huo mchanga jioni.

Jirani wa Kisasa

Hiyo njano ni njaa. Weka urea kijiko kimoja, mwagilia sana, baada ya wiki mbili utakuja kunishukuru.

Mzee wa Vitalu

Ndugu yangu wa Kisasa, hapo utauzika huo mti. Mizizi iliyokatwa nusu haina uwezo wa kubeba urea, itaungua. Dada, usiweke mbolea yoyote mpaka uone majani mapya yamekomaa.

Nimefanya kazi ya vitalu vya miti Morogoro kwa miaka mingi, nikuambie kilichotokea. Msonobari hauishi peke yake. Kwenye mizizi yake kuna ukungu mweupe kama utando wa buibui, na huo ndio unaousaidia kunyonya maji na chakula. Ulipoosha ukadhani unasafisha, uliondoa rafiki yake. Ndiyo maana kwenye kitalu tulikuwa tunachukua kiganja cha udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa na kuuchanganya kwenye viriba. Ukiwa na ndugu Mafinga, agiza kifuko kimoja cha udongo wa juu pamoja na majani yaliyooza, utandaze juu ya chungu.

Vile vipande viwili havitachipua. Mwarobaini na mkwaju ukikata mpaka pasipo na jani vinarudi. Msonobari unachipua palipo na majani ya sindano, kwa hiyo kila unapopunguza tawi lazima ubakize majani kwenye sehemu inayobaki mtini. Hilo tawi halirudi. Ila usiling'oe sasa, maana kila jeraha jipya ni kazi nyingine kwa mti ulioishiwa nguvu.

Majani ya ndani kuwa ya njano yasikutishe sana. Sindano za msonobari nazo zina umri, baada ya miaka miwili mitatu hudondoka, na huanzia ndani. Ungekuwa njano kwenye vichipukizi vya juu ningekuambia habari nyingine.

Udongo mwekundu na samadi vinashika maji mno, lakini usiuhamishe sasa. Kuubadilishia chungu mara mbili ndani ya miezi minne ni kuumaliza. Toboa matundu zaidi chini, inua chungu juu ya matofali mawili, na acha kumwagilia kwa saa. Chomeka kijiti cha mshikaki, kiache dakika kumi. Kikitoka na unyevu, subiri.

Kokoto za Ihumwa

Naongezea kuhusu maji. Maji yetu ya visima hapa Dodoma mengi yana chumvi, angalia birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, hizo ncha za kahawia zimepata maelezo. Mvua ndiyo hizi, kinga ndoo chini ya bati. Mara moja kwa wiki mwaga maji ya mvua mengi mpaka yatoke chini kwa muda, yasukume chumvi nje.

Kipilipili

Kuhusu zile video: nyingi ni za msonobari mweusi wa Japani. Ule una nguvu ya kuchipua mara mbili kwa mwaka, ndiyo maana wanakata vichipukizi (wao wanaviita mishumaa) mwanzoni mwa majira ya joto ili vya pili vitoke na sindano fupi. Hata wao hawafanyi hivyo kwa mti mgonjwa, na ule mweupe wenye sindano tano tano hawaukati hivyo, kwa sababu unachipua mara moja tu.

Wako ukitoka Sao Hill yaelekea ni msonobari wa aina ya patula, asili yake milima ya Mexico. Sindano zake zinaning'inia na zinafika sentimeta 20. Hautakuwa mdogo wa kukaa kiganjani, uache uwe wa sentimeta 70 au 80, utapendeza.

Na usikate tamaa, miti hii ikitunzwa huishi miaka mingi chunguni. Kuna msonobari mweupe ambao familia ya Yamaki ya Hiroshima ilitoa kwa Marekani mwaka 1976. Umelelewa chunguni tangu 1625, na bomu la atomiki la 1945 ulinusurika. Watu wamepokezana mti mmoja miaka yote hiyo.

Binti Mafinga

Nimesoma yote na mama pembeni. Nimekwangua: shina kijani, matawi matano kijani, yale mawili makavu kabisa. Ukoko mweupe upo, tena mwingi. Shangazi ataleta udongo wa Mafinga Ijumaa. Na yale matawi makavu yakae hivyo hivyo?

Mzee wa Vitalu

Mti ukipata nguvu, yachubue gome ubakize ule mti mweupe wa ndani, uchonge ncha. Wenye sanaa hii wanaupenda huo ukavu, unaonyesha mti umepitia shida. Ila kwa Dodoma mchwa wataufuata. Chungu kisigusane na ardhi, weka miguu ya tofali na uwe unakagua chini yake.

Binti Mafinga

Wakuu, ni Juni sasa, narudisha majibu. Vichipukizi vya juu vilifunguka mwezi wa pili. Tawi la tatu limetoa vichipukizi vidogo vinne katikati ya majani, sijavigusa. Ukungu mweupe nimeuona kwenye tundu la chini la chungu, nikamwita mama aje aone. Mbolea nimeanza mwezi wa nne, kidogo sana.

Baridi na upepo vimeanza. Naweza kupogoa?

Mzee wa Vitalu

Hongera dada. Mwaka huu punguza juu tu. Msonobari unapeleka nguvu zote kileleni, matawi ya chini yanadhoofika mpaka yanakufa. Kwa hiyo kileleni nyofoa sindano za zamani, na palipo na vichipukizi vitatu sehemu moja bakiza viwili. Chini usitoe hata sindano. Kubadilisha chungu ni mwaka kesho au keshokutwa, kwa changarawe iliyochekechwa mpaka vumbi likatoka, na usioshe mizizi.

Binti Mafinga

Nimeelewa. La mwisho: nataka kulishusha tawi la kushoto kwa kulizungushia waya, nimezunguka Majengo sijapata wa aluminiamu. Nimepata wa shaba, wa ndani ya nyaya za umeme.

Kipilipili

Unafaa. Uchome kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, uuache upoe, utalainika. Ukishaukunja unakuwa mgumu, kwa hiyo zungusha mara moja bila kurudiarudia. Angalia kila wiki, ukianza kuzama kwenye gome ukate vipande vipande kwa koleo. Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja tawi.