Mrejesho: Cinque Terre kwa miguu, njia ya pwani au ya juu?

Wakuu, niliuliza kama mtu asiye mpanda milima anaweza kutembea kati ya vijiji vya Cinque Terre, Italia, na kama kadi ya hifadhi (tiketi ya kulipia kupita njiani) ni lazima. Nimerudi, asanteni mlionijibu.

Kadi nilidaiwa kwenye vipande viwili vya pwani: Monterosso hadi Vernazza, na Vernazza hadi Corniglia. Hicho cha kwanza hakifiki hata kilomita 4, lakini kinakula kama saa mbili. Ukitoka Monterosso ni ngazi juu ya ngazi, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mkikutana na kundi, mmoja anasubiri.

Corniglia hadi Manarola njia ya chini imefungwa miaka mingi kwa sababu ya maporomoko, kwa hiyo nilipita juu, kupitia kijiji cha Volastra, kama mlivyonishauri. Huko hakuna kadi, na kwangu ndiko kuzuri kuliko kote. Unatembea katikati ya mizabibu, juu ya matuta yanayozuiwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, bahari iko chini kabisa upande wa kulia. Mteremko wa kuingia Manarola ndio uliniadhibu magoti. Chukueni fimbo.

Aliyeuliza kuhusu ndala: ni marufuku njiani, na faini ipo.

Mnaokwenda na wazazi wazee, kutoka stesheni ya Corniglia hadi kijijini kuna ngazi 382. Pandeni kibasi.