Mkeka wa uteuzi wa Rais umetoka usiku, mkurugenzi wetu wa halmashauri kaondoka. Hivi hizi nafasi zinapatikanaje kama wewe si kada wa chama?

Mtumishi_Ziwa
Wakuu habari za jioni. Mimi ni afisa mipango kwenye halmashauri moja huku kanda ya ziwa, mwaka wa 14 sasa kazini, na huu ni mwaka wa tatu nakaimu ukuu wa idara. Juzi mkeka umetoka saa nne usiku, ile PDF ikadondoka kwenye grupu letu la WhatsApp, kila mtu anashuka na kidole kutafuta jina, na jina la mkurugenzi wetu halimo. Asubuhi nimemkuta ofisini anapakia vitu kwenye boksi la karatasi za printa, chupa yake ya chai, picha ya wanawe, kandambili alizokuwa anavaa chini ya meza jioni miguu ikimvimba, dereva kasimama mlangoni na ufunguo wa gari hajui amkabidhi nani. Huyu mama alikuwa anazijua kwa majina zahanati zetu zote ambazo hazina maji. Ameambiwa atapangiwa kazi nyingine, basi. Anayekuja sijawahi kumsikia kwenye serikali za mitaa hata siku moja, namjua kwa video za kusifia tu.
Sasa swali langu wakuu, hizi nafasi zina utaratibu wowote au ndo hivyo? Rafiki yangu ananiambia na wewe anza kuposti, sifia kila siku, taga viongozi, utaonekana. Moyo unakataa kabisa ila na umri nao unaenda.

Wakili wa Kijijini
Mkuu pole. Kisheria ni hivi, Ibara ya 36 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa Rais mamlaka ya kuteua watu wa nafasi za madaraka wanaoweka sera za taasisi na idara na watendaji wakuu, na hakuna mahali panaposema nafasi itangazwe wala watu washindanishwe. Angalia sasa, mtendaji wa kijiji anaombwa vyeti, anaitwa usaili, dereva wa halmashauri anafanyiwa hadi mtihani wa vitendo, ila anayekuja kuwa bosi wao wote na kusaini mabilioni ya bajeti haulizwi swali hata moja mbele ya mtu yeyote. Mimi hili linaniuma kuliko yote.
Halafu kumbuka 2016, wakurugenzi 185 waliteuliwa kwa mkupuo na baadhi yao walikuwa wametoka kushindwa kura za maoni za chama tawala, CCM, mwaka mmoja nyuma. Hao hao ndo kisheria walikuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mwanaharakati Bob Wangwe akaenda mahakamani kulipinga hilo, Mei 2019 Mahakama Kuu ikasema hapana, hii inagongana na Katiba, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu.

Mzee Mstaafu
Mwanangu, nimetumikia serikali miaka 33, nisikilize. Hili halikuanza jana. Enzi za TANU, chama tawala kabla ya CCM, mkuu wa mkoa ndiye alikuwa katibu wa chama wa mkoa, kofia mbili kichwa kimoja, na chama kilikuwa kimoja kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Vyama vingi vikaja 1992, kofia zikatenganishwa kwenye karatasi, lakini mpaka leo mkuu wa wilaya anaingia kamati ya siasa ya CCM ya wilaya. Sasa mtu anayekaa kikao kile Jumatatu, Jumanne akija kwako kukagua mradi anamtumikia nani?
Ila hili la kukaimu miaka mitatu ni kosa jingine kabisa, usilichanganye na la mkeka. Utaratibu wa utumishi ni miezi sita. Andika barua kwa mwajiri wako, nakala Tume ya Utumishi wa Umma, taja tarehe ulizoanza, weka nakala yako nyumbani. Usiogope, hiyo ni haki yako.

Kada Mzalendo
Ndugu zangu mnaonea. Rais amechaguliwa na ilani, akishindwa kutekeleza tunamlaumu yeye, kwa nini asiweke watu anaowaamini? Kuna watumishi wa muda mrefu ofisini na ndo wanaokwamisha miradi, tumewaona.

Mtumishi_Ziwa
Kaka nakuelewa, na kwa waziri au mkuu wa mkoa sina neno, hao wanabeba siasa. Lakini mkurugenzi ni mtendaji, anasimamia dawa, madawati, mishahara. Kama ni kuaminika, basi tangazeni, waje watu watano wahojiwe, Rais achague mmoja kati ya hao watano. Hapo imani yake imepungua nini?

Dada wa Nakuru
Hujambo ndugu, huku Kenya tulipitia hayo na bado tunapambana. Katiba ya 2010 ndiyo ilitusaidia kidogo, 2011 wenye kutaka kuwa Jaji Mkuu walihojiwa tukiwaona live kwa TV, mama yangu aliacha hata kwenda shamba. Lakini wanasiasa hawachoki. Machi 2023 tuliletewa makatibu wasaidizi wa wizara, wale CAS, 50 wakati nafasi zilizokuwa zimetangazwa ni 23, wengi wakiwa walioanguka uchaguzi. Chama cha mawakili na Katiba Institute wakaenda kortini, na Julai 3 korti ikasema uteuzi ule ni kinyume cha Katiba. Hizo pesa zingetoka kwa kodi yetu. Kwa hivyo shida ni ileile, tofauti ni kwamba sisi tuna kipengele cha kushikilia tukienda kortini.

Wakili wa Kijijini
Umenena dada. Na ndo maana wengine hatuchoki kuulizia katiba mpya tangu ile rasimu ya katiba ya tume ya Jaji Warioba ikwame.

Mtumishi_Ziwa
Asanteni sana wakuu, mzee shikamoo, barua nimeshaianza usiku huu. Kuposti siposti, nimemwambia na rafiki yangu. Kesho saa mbili tunampokea mkurugenzi mpya, na mimi nimeandaa faili la zile zahanati, sita bado hazina maji, moja wajawazito wanakuja na ndoo yao. Nitaliweka juu kabisa mezani kwake.