Bunju wadogo wa maji baridi hawagusi chakula cha pakiti, nifanyeje?

FundiWaBarabaraYaTisa

Asalaam aleikum wadau wa samaki wa mapambo, habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kibanda changu kipo Ngamiani. Nina tangi la kioo la lita 40, wateja wakisubiri nguo zao hulitazama. Lilikuwa na gapi tu, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Sasa mpwa wangu katoka Dar kaniletea bunju watatu (wale samaki wa kujivimbisha) kwenye mfuko wa nailoni, kila mmoja hata ukucha wa kidole gumba hafikii. Kijani cha manjano, madoa meusi mgongoni, tumbo jeupe, na macho kila moja linazunguka kivyake. Uzuri wao wacha tu.

Tabu imeanzia kwenye kula. Chakula cha pakiti wanakisogelea, wanakikodolea macho, wanageuka. Mmoja alikitia mdomoni akakitema. Naona matumbo yameanza kubonyea. Halafu gapi wangu dume, yule mwenye mkia mwekundu, mkia umebaki vishungi vishungi. Nimewakuta wakimvizia nyuma wanadonoa.

Nyumbani nako maneno hayaishi. Shemeji yangu mvuvi, anauza pale soko la samaki la Deep Sea, anasema bunju ni samaki wa bahari, niwatilie maji ya chumvi, tena niwatupe kabla paka hajala akafa. Mama mkwe hataki nishike maji ya tangi kisha niingie jikoni. Bunju kwetu pwani mnaijua sifa yake ya sumu.

Naomba kujua: maji ya chumvi ni kweli? Wanakula nini, na hicho chakula kinapatikana hapa hapa Tanga? Mpwa simu hapokei tangu anikabidhi mzigo.

---

MzeeMatangi_Raskazone

Waalaikum salaam, fundi.

Shemeji yako muache na heshima yake. Kwa bunju anaowaona yeye kwenye nyavu, yuko sahihi. Hao wako ni wengine kabisa: *Carinotetraodon travancoricus*, wenyeji wa mito na vijito vya Kerala na jirani zake, kusini magharibi mwa India. Hora na Nair ndio waliowaeleza kitaalamu mwaka 1941. Wanazaliwa, wanakua na kufa kwenye maji baridi. Chumvi usitie hata chembe. Ukubwa wao ndio huo huo, wakizidi sana ni sentimita 3 hivi.

Kuhusu sumu, mwambie mama mkwe kuwa sumu ya bunju humdhuru anayemla, si anayechovya mkono kwenye maji. Osha mikono kwa sabuni kama baada ya kushika samaki yeyote, uendelee na mchuzi wako. Paka mfunikie tangi.

Sasa chakula, maana hapo ndipo watu wengi wanapowaulia. Bunju huyu ni mwindaji. Kinachomfungua mdomo ni kitu kinachotembea. Pakiti kwake ni takataka inayoelea, na wapo wanaokonda mpaka kufa huku chakula kimejaa juu ya maji. Anza leo hii na nyungunyungu. Fukua penye udongo wenye majimaji, chini ya mgomba au nyuma ya karo, pasipomwagwa dawa wala mafuta. Chagua wembamba, suuza, katakata kwa wembe vipande vya milimita mbili tatu. Dondosha kimoja mbele ya pua yake, usimwage rundo. Kikimshinda, kitoe baada ya saa moja, kisioze.

Viluwiluwi wa mbu ndio mlo wanaoupenda kupita yote. Weka ndoo ya maji na majani makavu kivulini usiku mmoja au miwili, mbu wakishataga FUNIKA kwa kipande cha chandarua na ufunge mpira. Vuna kila siku kwa chujio la chai. Wakishavimba kichwa na kujikunja, wamebakiza siku moja mbili waruke, hao wape samaki au mwaga juani. Tusisahau mwaka 2019 homa ya dengi ilivyotutesa Dar na Tanga. Ukijijua ni mvivu wa kuvuna kila siku, usifuge mbu.

Ukipita Dar, ulizia minyoo myekundu ya kugandishwa. Wengi huikubali wakizoea.

Tatu ya mambo ni konokono wadogo wa maji. Jino la bunju halikomi kuota, na kuvunja magamba ndiko kunakolipunguza. Chagua wenye gamba jembamba. Wale warefu wa ncha kali, wagumu kama kokoto, waache, wanaweza kumvunja jino.

Na gapi watoe LEO. Hakuna suluhu hapo.

---

Mgosi_Mcheshi

Yakhe, samaki wa ukucha mmoja anataka nyungunyungu wa kukatiwa na wembe, mbu wa kufungiwa chandarua na konokono wa gamba laini. Mimi nyumbani nikiuliza mboga naambiwa "ile ya jana". Fundi, nifuge mimi.

---

MaabaraMuheza

Mzee kasema vizuri, ila pale kwenye konokono naomba niongeze, maana kazi yangu ni hadubini na vikopo vya mkojo.

Tafadhali mtu asivue viatu akaingia bwawani au mtaroni kutafuta konokono wa samaki. Pwani yetu hii ina kichocho cha mkojo, na konokono anayekibeba, aina ya *Bulinus*, ni mdogo mwenye gamba jembamba, yaani ndiye hasa ambaye mtu aliyesoma maelezo hapo juu angemchagua. Vijidudu vinatoka kwake vinaogelea na kupenya ngozi, huhisi kitu. Na nyie wafugaji mna tabia ya kuvuta mpira wa kubadilishia maji kwa mdomo. Maji yenye konokono wa porini, mdomoni! Hapana.

Habari njema ni kwamba konokono hazaliwi na kichocho. Anaambukizwa na maji yaliyoingia mkojo wa mgonjwa. Kwa hiyo waliozaliwa kwenye ndoo ya mfugaji, kizazi baada ya kizazi, hawana tatizo. Chukua mbegu kwa mtu anayefuga tayari.

---

FundiWaBarabaraYaTisa

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mgosi, wewe subiri ile ya jana.

Leo asubuhi kabla sijafungua kazi nimefukua chini ya mgomba wa jirani, nikakata kwa wembe wa kufumulia nguo. Nimedondosha kipande. Yule mkubwa akasimama katikati ya maji, hasogei, mkia kaukunja pembeni, mapezi tu yanatetema. Macho yote mawili yakageukia mbele kwa pamoja. Akasogea taratibu, akaangalia kwa upande huu, akaangalia kwa upande ule, kisha *tap!* Nusu ya kipande ikabaki inaning'inia nje ya mdomo anaivuta kama tambi. Wateja wawili walisahau walichofuata. Wa pili naye kala. Wa tatu, mdogo, kajificha nyuma ya jiwe, hakutoka kabisa.

Gapi wamehamia kwenye beseni. Mzee, huyo mdogo anaumwa au anaonewa? Na umeme ukikatika usiku kucha, pampu ikizimika, watafika asubuhi?

---

MzeeMatangi_Raskazone

Mtazame ubavuni, si mgongoni. Dume akishakomaa ana mstari mweusi katikati ya tumbo na mikunjo nyuma ya jicho. Jike ni mviringo zaidi na tumbo halina mstari. Madume wawili kwenye lita 40 zilizo wazi watafukuzana mpaka mmoja akate tamaa ya kula. Dawa yake ni kuwakatia macho: jaza majani ya maji na mosi (ule mmea laini kama manyoya), simamisha vijiwe na kipande cha mti, pasiwe na pembe ambayo ukisimama unaona tangi zima. Mlishe mdogo upande wake, wakati huo huo na wakubwa. Akila na bado tumbo likazidi kuingia ndani, au choo kikawa cheupe kama uzi, hiyo ni minyoo ya tumboni. Wengi wao wanavuliwa mtoni, si wa kuzalishwa, kwa hiyo wengi wanakuja nayo. Hapo njoo tuzungumze dawa. Usinunue ya mbuzi ukakisia dozi.

Umeme: filta ya sponji na pampu ndogo ya betri zitakutosha. Usiku huo usilishe, na maji yasijae mpaka ukingoni, yapate kupumua. Sponji usiioshe kwa maji ya bomba, ikamulie kwenye maji uliyotoa tangini, maana bakteria wanaokula amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, wamo humo na klorini ya bombani inawaua. Maji ya kubadilisha, robo kwa wiki, yalaze ndooni wazi tangu jana yake. Hita huhitaji, joto la Tanga linawafaa, ila tangi lisipigwe na jua la mchana.

Ukitaka kuwahamisha usitumie kijavu. Wachote na kikombe ndani ya maji. Wakivimba nje ya maji wanameza hewa, na kuitoa ni kazi.

Konokono ninao, wa kuzaliwa kwangu. Ijumaa baada ya sala nipo nyumbani, njoo na kopo la mfuniko na jani moja la mchicha la kuwalishia njiani. Kwanza uwafuge ndooni mwezi mzima ndipo uanze kuwagawa, la sivyo watatu hao watawamaliza kwa siku moja.

---

MaabaraMuheza

Na mpira wa maji uvute kwa kuujaza kwanza bombani ukiziba kwa kidole. Nasisitiza.