Nililipia usanifu wa bango, nikapewa turubai lisilosomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha, kwa kuwa naamini si mimi peke yangu niliyetendewa hivi.

Mwezi uliopita nilifungua duka la vifaranga na vyakula vya kuku hapa Morogoro, kando ya barabara iendayo Dodoma, nikaagiza bango la fleksi, yaani turubai la plastiki linalochapishwa, lenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1. Nililipa shilingi 45,000 za kuchapisha na shilingi 30,000 nyingine za usanifu, yaani nilimlipa mtu anayejua kazi hiyo ili afikirie mpita njia ataonaje na atasoma nini. Siku ya kufungua duka nililetewa turubai ambalo juu yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, limeandikwa "VIFALANGA".

Neno hilo liliandikwa sawasawa kwenye karatasi niliyoiacha kaunta, na nakala yake ninayo. Niliomba mara mbili nionyeshwe kazi kabla haijachapishwa, hata kwa picha ya simu tu, nikaambiwa kwamba mashine ina foleni na nisiwe na wasiwasi. Dakika moja ya kunionyesha ingeokoa turubai zima. Suluhisho waliloniletea baadaye ni kubandika stika yenye herufi R juu ya ile L, na wakaona wamenitendea wema.

Hata hivyo, tahajia si kosa kubwa kuliko yote. Bango linatundikwa mita 20 hivi kutoka barabarani, na jambo hilo nililisema siku ya kwanza. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wa mabango ni kwamba herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali ili isomeke bila taabu, kwa hiyo maneno makuu ya bango langu yalihitaji herufi za sentimita 16 au 17. Ukiondoa lile neno lenye kosa, herufi zilizobaki nimezipima kwa rula: zina sentimita 4, maana yake mteja asogee hadi mita 5, na hapo ameshafika mlangoni, bango halina kazi tena. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde. Je, dereva mwenye sekunde tatu au nne atasoma vipi aina 14 za bidhaa, namba tatu za simu na anwani ya barua pepe, huku picha tano za kuku zikigombania jicho lake?

Nilipolalamika, kijana wa kompyuta alinijibu, "Mzee, maneno si umeleta wewe mwenyewe?" Ni kweli, maneno niliyapeleka mimi, na yalikuwa mengi. Ndiyo maana nikalipia usanifu! Mimi ni mfugaji, najua chanjo ya mdondo na joto la banda la vifaranga. Sikutarajiwa kujua kwamba bango la barabarani hubeba jambo moja kuu, namba moja ya simu na mshale unaoonyesha mlango, na kwamba yaliyobaki yanakaa kwenye kipeperushi au ukutani ndani ya duka. Fundi cherehani akiletewa kitambaa kisichotosha gauni humwambia mteja kabla ya kukata. Kwa nini mchapaji anyamaze, apokee fedha, kisha anilaumu mimi?

Nembo nayo ilinisikitisha sana. Aliyeichora alinipa faili la vekta, ambalo hupanuliwa kwa ukubwa wowote bila kuharibika, nami nikalituma kwa barua pepe kama walivyoniagiza. Hawakulifungua. Walichukua picha ndogo kutoka kwenye wasifu wangu wa WhatsApp, yenye nukta 600 kwa upana, wakaitandaza kwenye mita 1 nzima, sawa na nukta 6 kwa kila sentimita, ilhali kazi safi ya kutazamwa kwa karibu hutaka 40 hivi. Sasa jogoo wa nembo yangu ana kingo za ngazi-ngazi shingoni.

Kuhusu rangi, ile kijani inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta imetoka imefifia. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga na mashine hutumia wino, kwa hiyo zipo rangi za kioo ambazo wino hauwezi kuzifikia. Mchapaji analijua hilo kila siku ya kazi yake, na angeweza kunichapia kipande kidogo cha majaribio. Kuweka maandishi ya manjano juu ya nyeupe hakuna kisingizio cha wino wala mashine.

Bango lenyewe limewekewa matundu manne tu ya pete za chuma, moja kila pembe, bila kukunjwa ukingo. Kwa ukubwa ule, tundu kila nusu mita lingehitaji pete 16. Upepo ushukao milima ya Uluguru uliling'oa pembe mbili usiku wa tatu.

Nimewataka wanirudishie fedha zote za usanifu na wachapishe upya kwa gharama yao, na hadi leo najibiwa kwamba bosi amesafiri. Jumatatu asubuhi nalirudisha turubai lao pamoja na ile karatasi yangu, na sitaondoka kaunta bila jibu la maandishi. Wakati huohuo nahitaji bango jingine haraka, kwa maana kundi la vifaranga 500 linaingia wiki ijayo. Mwenye kumjua mchapaji wa hapa Morogoro ambaye humwonyesha mteja kazi na kusubiri idhini yake kabla ya kuwasha mashine, naomba anielekeze.