Mrejesho: cheni ya katapila iliyokuwa inachomoka
Wakuu, niliwaomba ushauri kuhusu katapila letu la zamani, linachimba lambo huku Kongwa, cheni ya kushoto ikichomoka kila likikata kona.

Aliyesema tukague silinda ya grisi inayosukuma gurudumu la mbele ili cheni ikaze alipatia kabisa. Sili, ile mpira inayozuia grisi isivuje, ilikuwa imekatika. Tukipampu jioni, asubuhi grisi tunaikuta kwenye fremu, nyeusi, imeshikana na vumbi, cheni imelegea tena. Sili tumeibadilisha.

Bushi, vile vibomba vya chuma vinavyovaa pini za cheni, zilikuwa zimelika upande mmoja tu, fundi akazigeuza pamoja na pini ili upande mzima ndio ufanye kazi. Hatukununua cheni mpya! Tumeiacha ilegee kama sentimita 4, maana ikikazwa sana inakula bushi.

Leo siku ya tisa, haijachomoka. Asante sana uliyetuonya tusikae mbele ya valvu ya hiyo silinda wakati wa kutoa grisi.